Land Rover ya babu ifike salama: namna ya kumpata msafirishaji wa kuaminika kutoka Nkwenda mpaka Dar



Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee magari ya wazee. Ukizunguka Nkwenda, Isingiro, Mabira mpaka Kaisho, ukichungulia nyuma ya migomba hukosi kuiona Land Rover ya zamani imelala juu ya matofali, kuku wametaga kwenye siti. Zamani ilibeba kahawa, wagonjwa na maharusi. Siku hizi watoto wanaichezea tu.

Sasa jamani, hizo gari zina watu wanaozitafuta. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Hizi tulizozizoea huku nyingi ni Series II ya mwaka 1958 na kuendelea, au Series III iliyoanza kutengenezwa 1971 na kukoma 1985. Mwaka 2024 mwezi wa 10 pale Arusha kulifanyika tamasha la Land Rover, watu wakaja na magari ya kila umri, lengo likiwa kuipiku rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018 ya msafara wa Land Rover 632. Tangu hapo simu za "dogo, huko kwenu hakuna Land Rover ya zamani?" zimekuwa nyingi. Wengine wanataka kununua. Wengine ni watoto wa mzee mwenyewe walioko Dar, wanataka gari la baba litengenezwe lirudi barabarani.

Shida inaanza hapa: gari halitembei, liko Nkwenda, na fundi yuko Dar, kama kilomita 1,500. Nani alibebe?

YALIYOTUKUTA SISI

Naanza na yetu ili ujue siongei kwa kusoma tu. Marehemu babu aliacha Land Rover 109 Series III. Mwaka 2023 baba mdogo aliyeko Dar akasema ipelekwe kwa fundi anayemjua. Kazi ya kutafuta usafiri nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye kijana wa mtandao. Nikaulizia watu watatu. Wawili walitaka zaidi ya milioni 3. Wa tatu, dalali tuliyeelekezwa na mtu wa sokoni, akasema milioni 1.8, Fuso inarudi tupu. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, itafika kweli?" Jamaa akajibu, "Bibi, usiwe na wasi, hiyo ni kazi yetu ya kila siku."

Tukalipa yote. Hakuna karatasi, hakuna picha. Gari lilitakiwa kufika siku ya nne, likafika siku ya kumi na moja. Na lilifika kwenye lori lingine, dereva mwingine, ambaye hata jina la dalali wetu hakulijua. Kabureta haikuwepo. Taa moja ya mbele, jeki, hendeli ya kuwashia na stepni vyote havikuwepo. Bodi limebonyea upande wa kushoto pale lilipofungwa kamba. Baba mdogo akampigia dalali. Jibu: "Bosi, lilikuwa hivyohivyo tangu Nkwenda."

Na sisi hatukuwa na cha kuonyesha kwamba halikuwa hivyo. Hapo ndipo tulipolizwa. Kilichoniuma siyo kabureta, spea za Land Rover zinapatikana. Kiliniuma kile kimya cha bibi nilipomwambia. Ile hendeli babu alikuwa anaifuta kwa kitambaa kila Jumapili.

Gari lilipomaliza kutengenezwa mwaka 2025 likarudi Nkwenda, na safari hiyo tulifanya kila kitu tofauti. Lilifika zima. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kati ya safari hizo mbili.

KWANZA: JUA UNAONGEA NA NANI

Kwenye biashara hii kuna watu wa aina tatu, na vijana wengi tunawachanganya.

Kuna dalali. Huyu hana lori. Ana simu na namba za madereva. Anachukua mzigo wako, anautafutia lori, anakula tofauti ya bei. Udalali wenyewe si wizi, na dalali mzuri anaweza kukuokolea hela. Ila uliza mapema: gari likipotea, yeye anajibu au anakutupia dereva?

Kuna dereva. Lori siyo lake. Wakati mwingine anabeba mzigo wako bila mwenye lori kujua. Hii inaitwa kuiba trip. Bei yake inakuwa tamu kweli, lakini likitokea la kutokea, mwenye lori atasema hajawahi kukusikia, na atakuwa anasema ukweli.

Halafu kuna mwenye lori au kampuni yake. Huyu ndiye wa kumtafuta. Hata kama umempata kupitia dalali, hakikisha umeongea na mwenye lori mwenyewe kabla ya kutoa shilingi. Mwambie ni gari gani, linatoka wapi, linaenda wapi, bei mliyokubaliana. Kama bei anayoijua yeye ni tofauti na uliyotajiwa, umeshapata jibu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapo. Tulimlipa mtu ambaye hakuna kitu chake hata kimoja kilichogusa gari letu.

PILI: KAGUA KARATASI, NA KAZI HII UNAIFANYA UKIWA KAFE

Wewe unayesoma hapa una faida ambayo mzee wako hana. Kwa nusu saa ya intaneti unaweza kufanya yafuatayo:

1. Omba jina kamili la kampuni, ulitafute kwenye mfumo wa BRELA. Kama wanajiita kampuni na hawapo, uliza kwa nini.

2. Omba namba ya lori na ya trela, na picha ya kadi ya lori. Jina lililoko kwenye kadi lifanane na la mtu au kampuni unayoongea nayo. Kama halifanani, akuonyeshe anavyohusika.

3. Uliza leseni ya LATRA. Ndiyo mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na lori la kubeba mizigo ya watu kwa malipo linatakiwa kuwa na leseni yake. Iwe ya lori hilohilo na iwe haijaisha.

4. Bima ya lori unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni. Stika feki zipo mitaani, usiridhike na picha tu.

5. Omba namba za wateja wawili waliowahi kusafirisha gari, siyo saruji wala mahindi. Wapigie. Usiulize "jamaa ni mzuri?" maana watasema ndiyo. Uliza lilifika siku ya ngapi, lilikuwa na upungufu gani, na baada ya tatizo jamaa alipokea simu au alizima.

Angalizo kwa sisi wa mpakani. Malori ya Rwanda na Burundi yanayotoka Dar yanapita Nyakanazi kwenda Rusumo na Kabanga, mengi yanarudi matupu, na madereva wake wanatafuta mzigo wa kurudi nao. Lori la Kitanzania halina shida. Lori lenye namba za nchi nyingine haliruhusiwi kubeba mzigo wa ndani ya nchi bila kibali, kwa hiyo likikamatwa na gari lako juu, utasubiri sana. Na mtu akikwambia "tupitishe Murongo, tuingie Uganda, ni karibu", mwambie gari kuvuka mpaka ni suala la forodha na karatasi zake. Hakuna njia ya mkato hapo.

TATU: GARI NI LA NANI?

Hili watu wanaliruka halafu linawarudi. Land Rover nyingi za huku kadi bado ina jina la mzee aliyeshafariki. Trafiki akisimamisha lori Singida usiku na kumuuliza dereva gari hili la nani, dereva atasema nini?

Kama mwenye gari ni marehemu, anayetakiwa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Siyo mtoto mkubwa, siyo anayekaa kwenye nyumba. Kama familia haijafungua mirathi, anzeni na hilo, mara nyingi linaanzia Mahakama ya Mwanzo. Nimeona ndugu wakigombana gari likiwa tayari liko juu ya lori.

Dereva mpe nakala ya kadi na barua ya mwenye gari au msimamizi inayosema gari linasafirishwa kwenda wapi na kwa lori namba ngapi. Kadi orijino ibaki nyumbani. Kwa gari la zamani, namba ya injini na ya chesisi zikilingana na kadi ndiyo thamani yenyewe, kwa hiyo kadi hiyo ni mali kama gari.

NNE: BIMA, TUELEWANE HAPA

Msafirishaji akikwambia "gari lina bima", muulize ni gari lipi na bima ya nini. Lori kuwa na bima ndogo maana yake ni kwamba likimgonga mtu au mali ya mtu mwingine barabarani, huyo analipwa. Mzigo ulioko juu ya lori haumo. Unachotaka ni bima ya mzigo ukiwa safarini. Muulize kama anayo, inalipa mpaka shilingi ngapi, na inahusu wizi wa vifaa au ajali tu. Kama hana, unaweza kwenda mwenyewe kwa wakala wa bima ukaikatia safari hiyo moja. Watakuuliza thamani ya gari. Usitaje ndogo ili ulipe kidogo, utakuja kulipwa hiyohiyo ndogo.

TANO: KARATASI MOJA YENYE SAHIHI

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mtu uliyemkabidhi mali yako anatakiwa kuitunza kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza ya kwake. Kwa hiyo sheria ipo upande wako. Lakini lazima uthibitishe ulimkabidhi nani, na mali ikiwa katika hali gani.

Mkataba hauhitaji Kiingereza cha mahakamani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: majina na namba za vitambulisho vya pande mbili, namba ya lori na jina la dereva, namba ya chesisi na ya injini ya gari lako, mahali pa kupakia na kushusha, tarehe ya kufika, bei yote na namna ya kulipa. Kisha ongeza mistari miwili ambayo sisi hatukuwa nayo mara ya kwanza: gari halitahamishiwa lori lingine bila mwenye gari kukubali, na kitu kitakachopungua kwenye orodha kinalipwa na msafirishaji. Msaini mbele ya shahidi. Ukiipitisha kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, vizuri zaidi.

Msafirishaji wa kweli hataogopa karatasi hii. Sisi ilituchujia watu wawili. Mmoja alisema "nyie mna mambo mengi" akakata simu. Asante yake.

SITA: ORODHA NA PICHA

Siku ya kupakia, mchana, siyo usiku, zungukeni gari wewe na dereva. Piga picha pande zote nne, ndani, chini, injini ikiwa wazi, namba ya chesisi, kila palipobonyea. Piga video moja bila kukatisha, dereva na namba za lori vionekane. Andika orodha: betri, kabureta, dainamo, rejeta, taa, vioo, usukani, stepni. Dereva asaini.

Kisha ondoa kila kinachotoka kwa mkono. Jeki, hendeli, spana, redio, vioo vya pembeni. Vifungashe, vipeleke kwa basi au ubaki navyo. Kisichokuwepo hakiibiwi.

SABA: LORI GANI, LINAFUNGWAJE

109 ina urefu wa kama mita 4.4, upana mita 1.7, kwenda juu zaidi kidogo ya mita 2, uzito unakaribia tani 2. Fuso yenye bodi inayozidi mita 5 inaibeba vizuri. Lobedi au lori la kubebea magari ni salama zaidi kwa kupakia, ila trela refu kuliingiza mpaka Nkwenda ni kasheshe, hasa kwenye vumbi la kutoka Omurushaka mvua zikikolea. Ukiweza, safirisha kati ya mwezi wa 6 na wa 8.

Huku hatuna rampu, tunatumia kingo. Lori linarudi nyuma mpaka kwenye tuta la udongo lenye urefu sawa na bodi, gari linasukumwa juu. Inafaa kabisa, ila mbao za kukanyagia ziwe nene na awepo mtu mmoja tu wa kutoa amri. Vijana kumi kila mmoja akipiga kelele zake, mtu atavunjika mguu.

Bodi la Land Rover ni aluminiamu, linabonyea upesi. Mikanda ifungwe kwenye ekseli au magurudumu, isipite juu ya bodi wala kwenye bampa. Weka vigingi mbele na nyuma ya matairi, toa waya wa betri, mafuta yabaki kidogo tu. Na mkubaliane: hakuna magunia ndani ya gari. Dereva akipata abiria na mikungu ya ndizi njiani, ataiona Land Rover yako kama chumba cha ziada.

Kuna watakaokushauri livutwe kwa kamba. Kilomita 1,500 kwa kamba ni kuua giaboksi na difu, achilia mbali roho za watu. Kama linatembea, unaweza kumpa dereva aliendeshe. Piga hesabu kwanza: injini yake ya petroli ya lita 2.25 inaweza kunywa lita 250 mpaka 300 kwa safari hiyo, mwendo ni kilomita 70 kwa saa, na mlima Sekenke unausubiri huko kati ya Nzega na Singida. Breki za zamani zile. Mimi nisingethubutu.

NANE: HELA NA NJIANI

Usilipe yote mwanzoni. Sisi mara ya pili tulilipa nusu gari lilipofungwa juu ya lori, na nusu tulipomaliza kulikagua. Tulilipa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lililoko kwenye mkataba, siyo "tuma kwa hii ya shemeji". Mtu anayetaka hela yote kabla lori halijafika, mwache aende.

Njiani usimpigie dereva kila saa, anaendesha. Kubalianeni sehemu za kutoa taarifa, na mizani ni vituo vizuri: Nyakahura, Mwendakulima pale Kahama, Njuki Singida, Nala Dodoma, Mikese, Vigwaza. Kwenye kila mzani akutumie picha moja. Gari likilala mahali siku mbili bila sababu, mpigie mwenye lori, siyo dereva.

Wazee watawaambia miaka ya 2000 magari yalivuka mapori ya Biharamulo na Kimisi kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Wakati ule hatari ilitokea porini. Siku hizi gari la zamani linaharibikiwa zaidi pale linaposimama, kwenye maegesho ya usiku, spana mkononi.

Likifika, anayepokea awe na orodha na picha kwenye simu. Akague mchana. Kikipungua kitu, kiandikwe kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya kusaini na kabla ya kulipa nusu iliyobaki. Ukishasaini "nimepokea salama", maneno mengine yote ni hadithi.

KWA KUFUPISHA

Bei rahisi siyo dhambi. Lori linalorudi tupu linaweza kweli kukubebea kwa bei nzuri. Lakini kabla ya kuuliza bei, uliza swali hili: likipotea, nani atajibu, na nina nini mkononi cha kumfanya ajibu? Kama huna jina, karatasi, orodha na nusu ya hela, huna msafirishaji. Umeligawa gari kwa mtu usiyemjua.

Land Rover yetu ilirudi Nkwenda saa kumi jioni. Bibi akaizunguka taratibu, akashika mlango, akauliza, "Na ile hendeli?" Hatukuipata. Baba mdogo alinunua nyingine, inafanana kabisa. Bibi aliiangalia, akashukuru, lakini anajua siyo yenyewe.

Wadau mliowahi kusafirisha gari kutoka Kagera, mliolizwa na mliofanikiwa, tupeni uzoefu hapo chini ili wengine wasiumie. Majina ya watu na kampuni tusitaje.

Naomba kuwasilisha.